Magoti ya Shangazi na Maji ya Moto

Babati, 14 Julai 2024

Shangazi Dorothea,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa kondakta wa basi pamoja na samaki wakavu uliowafunga. Ukurasa wa pili umelowa mafuta ya samaki. Palipofutika nilinusa, nikaelewa. Nimefurahi kwamba kahawa imeanza kuiva na kwamba jirani yako Gaudiosa bado anagombana na mbuzi wake. Mimi mzima. Mgongo unauma, lakini nikikuandikia kwamba hauumi utajua aliyeandika si mimi.

Unauliza kazi. Tuko bado kwenye lile jengo la ghorofa huku Maisaka. Ludovick, yule kijana wa kwetu anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga hapa mjini, ameniambia kwamba huko Kamachumu unawatangazia watu kuwa mimi ni fundi. Naomba uendelee hivyo hivyo. Fundi ni Hezekia. Hezekia husema neno moja, "zege", na mimi hupanda ngazi na ndoo begani. Yeye neno, mimi ngazi, tangu asubuhi mpaka jioni.

Wenzangu wananicheka ninapoandika barua wakati kila mtu ana simu. Nimewaeleza kwamba shangazi aliyenilea masikio yake yamefunga duka, na maandishi ya kwenye simu anasema ni ya sisimizi. Basi mtu aliyeishia darasa la sita ndiye amegeuka mwandishi wa ukoo.

Karatasi imebaki, nijaze. Mlinzi wetu hapa anaitwa Gidamis, Mbarbaig wa upande wa Hanang. Anasema kule bondeni, porini, mbali na barabara, kuna maji yanayochemka yenyewe kutoka ardhini. Wazee wao wenye mifupa mibovu hupelekwa kukaa humo, na wengine hurudi wakitembea vizuri. Mimi nilimwambia ningekaa humo na mgongo wangu mpaka mwaka mpya. Ni maneno tu ya kumaliza siku.

Msalimie Gaudiosa na mbuzi.

Mwanao Eustace


Kamachumu, 11 Agosti 2024

Eustace mwanangu,

Marahaba. Huku kwema. Mvua hakuna, kahawa tunaanika, mbuzi wa Gaudiosa amekula taulo langu.

Habari za zege nimeziacha palepale ulipoziandika. Nimesoma ule mwisho wa karatasi mpaka umechakaa. Unaandikaje jambo kama hilo kwa kujaza karatasi? Wewe hujui magoti yangu yalivyo sasa. Kanisani nikipiga magoti, misa inaisha, watu wanatoka, mimi bado nipo chini nasubiri wa kuninyanyua. Padri anadhani nina toba nyingi. Dawa za hospitali nimekunywa, za majani nimepakwa. Kibanjani kwenye migomba siingii tena peke yangu, na usiniulize kwa nini.

Nakuja huko kukaa kwenye hayo maji. Basi linapita Babati, sihitaji kubadilisha. Ila wewe uende kwanza ukatazame. Mzee anafikaje? Maji yatanikanda au yatanipika? Usiniandikie ya kusikia kwa mlinzi. Niandikie ulichokiona mwenyewe.

Vaa sweta, najua Babati asubuhi kuna baridi.

Shangazi yako


Babati, 1 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo tena. Sweta ninalo, lina matundu lakini yako mgongoni, siyaoni. Ludovick anakusalimu. Hezekia amepata mtoto wa kike, kwa hiyo siku hizi anasema "zege" kwa sauti ya upole.

Barua yako ilinitoa jasho. Nilikuwa nimesahau kwamba wewe ni mtu wa kutenda. Nimekaa na Gidamis kibandani kwake, amenifundisha kama mtoto wa chekechea.

Anasema maji yenyewe hayana shida, shida ni ardhi ya pembeni. Pale yanapotokea, ardhi ni nyeupe, imekauka juu kama ukoko wa uji, na chini ya ukoko kuna maji yanayochemka. Kwa macho huwezi kujua wapi ni pagumu. Ila ng'ombe wao huja kulamba ile chumvi, na ng'ombe ni mzito kuliko mtu. Kwa hiyo mgeni anatembea penye kinyesi cha ng'ombe tu. Hapana kinyesi, hapana mguu. Nikauliza kama kinyesi cha zamani kinafaa. Akasema kiwe cha majuzi, kwa sababu mvua ikipita ardhi inabadilika, na akanitazama kwa huruma fulani hivi.

Mtu haogi pale juu. Anaoga chini, ambapo mkondo wa moto unakutana na kijito cha baridi kinachotoka mlimani. Unajaribu kwa kiwiko kwanza, kama maji ya kumwogesha mtoto. Hukai mpaka kichwa kizunguke. Huendi peke yako. Maji ya kunywa unabeba, yale hayanyweki. Na unaondoka jua likiwa bado juu, kwa sababu jioni tembo huja kunywa kwenye kijito na hawapangi foleni na mtu.

Jumamosi ijayo naenda naye, pamoja na Apolinary tunayebeba naye zege. Mimi nimeongeza wazo langu mwenyewe, na wewe unayajua mawazo yangu. Nitabeba ndizi. Maji yanachemka bure, bila kuni wala mkaa, halafu Mhaya ayatazame tu? Nimepata ndizi nzuri sokoni, nitazimenya, nizifunge kwenye majani yake kama unavyofanya wewe. Nitakuandikia zilivyoiva.

Mwanao Eustace


Babati, 29 Septemba 2024

Shangazi yangu mpendwa sana Dorothea,

Shikamoo sana. Natumaini u mzima wa afya tele. Mimi ni mzima kabisa kabisa, sina tatizo lolote mahali popote mwilini.

Nimefika kule. Kwa kweli shangazi, nimeona si wakati mzuri. Kwanza barabara imeharibika, nadhani ni mvua. Pili tembo wameongezeka. Tatu, maji yenyewe yamepoa. Inasemekana kuna miaka yanapoa. Utatoka Kamachumu mpaka huku ukaoge maji ya kawaida, na maji ya kawaida unayo hapo nyumbani.

Halafu chumba changu hapa Bagara ni kidogo, kitanda ni kimoja, jirani ana redio. Ingawa redio haitakusumbua.

Tungoje kwanza. Labda mwakani, labda mwaka ule mwingine.

Samahani kwa mwandiko, nimeandika nikiwa nimelala. Kwa kupumzika tu.

Eustace


Kamachumu, 20 Oktoba 2024

Eustace,

Barua nimeisoma. Barabara imeharibiwa na mvua ambayo haijanyesha, na maji ya moto yamepoa. Mkoba wangu ulikuwa umeshafungwa. Nimeufungua.

Ungeandika tu "usije". Ni neno fupi, na karatasi ingebaki.

Dorothea


Babati, 24 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili tangu ile yako fupi. Ya kwanza niliichana, ilikuwa na uongo mpya.

Kila basi la kwetu likipita nakwenda stendi kumwuliza kondakta, naye siku hizi anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Sikusema usije. Sijawahi kusema hivyo, na sitasema. Wazazi wangu walipoondoka ni wewe uliyenichukua, wakati watu wote walisema mtoto huyu anakula sana. Walisema kweli, na hukunirudisha.

Kuna jambo, lakini likiandikwa linaonekana la kijinga kuliko lilivyo, na tayari ni la kijinga sana.

Je, senene wameanguka mwaka huu? Siombi. Nauliza tu.

Eustace


Kamachumu, 15 Desemba 2024

Eustace,

Marahaba. Senene wameanguka wengi. Ludovick amekuja kwa Krismasi, akapita kunisalimu. Nikampa kalamu na karatasi kama ninavyowapa watu wote, nikamwuliza, Eustace hajambo? Akaandika: "Anatembea kama bata." Nikamwuliza kwa nini. Akaandika: "Amenikataza kusema." Nikamkaangia senene. Akaandika ukurasa mzima, mbele na nyuma.

Hiyo karatasi ninayo hapa. Sitakuambia imeandikwa nini. Nataka uandike wewe, nilinganishe. Gaudiosa ananiambia niache kukutesa, lakini yeye hakulea mtu aliyejificha na kidonda zaidi ya miezi mitatu huku akimwambia shangazi yake habari za tembo.

Nilidhani unanionea aibu. Mama mzee, kiziwi, anachechemea, atakuja kukutia aibu mbele ya wenzako. Nililala na wazo hilo tangu Oktoba. Ujue hivyo.

Senene nimempa Ludovick akuletee akirudi, ingawa hustahili. Kabla hujawala, andika.

Shangazi yako


Babati, 5 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Senene wako mbele yangu kwenye bakuli, nimewafunika. Naandika kwanza kama ulivyoagiza.

Tulitoka asubuhi kwa bodaboda mpaka njia ilipokwisha, kisha kwa miguu kwenye miti ya miiba. Gidamis mbele na fimbo yake, Apolinary na dumu la maji, mimi nyuma na gunia la ndizi, nimevaa gambuti za kazini nikijiona ndiye mwenye akili kuliko wote. Unaanza kusikia harufu ya mayai yaliyooza, halafu unaona moshi, halafu weupe, kama mtu amemwaga unga uwanja mzima. Maji yanatokota katikati kama sufuria ya harusi. Tulifuata kinyesi vizuri, hatua kwa hatua, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkosoa Apolinary.

Ndizi nilizifunga kwa kamba tunayovutia ndoo kazini, nikazitupa mle kutoka mbali. Gidamis akauliza ninafanya nini. Nikamwambia atulie, leo atakula chakula cha watu. Tukangoja. Nilipovuta, kamba ikanasa kwenye jiwe. Shangazi, mtu mwenye akili angeiacha kamba. Mimi niliona ndizi zangu zinaungulia mle. Nikapiga hatua pembeni ili nivute vizuri, pale pazuri, peupe, pasipo na kinyesi, kwa sababu nilikuwa natazama jikoni mwako na si miguu yangu.

Mguu ulizama mpaka chini ya goti. Na gambuti ni kitu kizuri kwa zege, ila ikijaa maji yanayochemka inayatunza. Apolinary alinivuta kwa mkanda wa suruali. Gambuti ilipotoka, ngozi nyingine ikaifuata. Gidamis akanimwagia mguuni maji yote ya kunywa, akaendelea hata nilipomwambia tutakufa kwa kiu. Hakucheka mpaka tulipofika barabarani, halafu akacheka mpaka Babati.

Jioni Apolinary akanipaka dawa ya meno, akasema kwao ndivyo wanavyofanya. Kesho yake nesi wa zahanati akaanza kuikwangua, na mimi nalia kama mtoto wa Hezekia. Akaniuliza, "Kwani hiki kidonda kina meno?" Akasema maji yale ya Gidamis ndiyo yaliyoniokoa mguu, na dawa ya meno ndiyo iliyonichelewesha.

Sasa umepona. Ngozi ni ya rangi ya waridi, inang'aa, ni sehemu safi kuliko zote mwilini mwangu. Natembea kama alivyoandika Ludovick. Hezekia hakunifukuza. Alinipa kazi ya kukaa chini na kunyoosha misumari iliyopinda, mpaka mguu ulipokubali ngazi.

Kwa nini sikuandika? Niliona nikikuambia nimeungua, hutakuja, na magoti yatakumaliza. Nikikuambia uje, utaungua. Na nilijua ukija utaona fundi wako anabeba ndoo na analala chumba kimoja na baiskeli ya mwenye nyumba. Aliyeonewa aibu hakuwa wewe, shangazi. Ndizi, kama unauliza, Gidamis alizivuta baadaye kwa fimbo. Katikati zilikuwa mbichi.

Sasa nafunua bakuli.

Mwanao Eustace


Kamachumu, 26 Januari 2025

Mwanangu,

Nimecheka mpaka Gaudiosa amekuja mbio akidhani nimepatwa. Nimelinganisha na karatasi ya Ludovick. Yeye hakuandika kwamba ulilia. Umenizidishia.

Kumbe maji yanachemka. Basi yanafaa. Mkoba nimeufunga tena. Nitakuja kabla ya Kwaresima, mvua za masika hazijaanza. Mwambie Gidamis ni mimi nitakayemfuata, wewe ukae nyuma na usibebe kitu. Kukanyaga samadi hakunitishi, kibanja hiki kimekula samadi maisha yangu yote. Ndizi nitabeba mimi, na zitapikwa kwenye sufuria.

Kwamba unabeba ndoo nilijua zamani. Fundi gani anaumwa mgongo namna hiyo?

Shangazi yako


Babati, 16 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Kikaratasi chako cha kutoka nyumbani nimekipata, "nimefika, magoti yanauma vilevile". Pole. Nilitegemea yangenyamaza hata mpaka Pasaka. Apolinary anakusalimu, anauliza utapika tena lini. Mwenye nyumba ameondoa baiskeli yake, kwa ajili ya heshima yako, miezi minane nimemwomba bila mafanikio.

Siku ile kule kwenye maji ya moto uliona mengi lakini hukusikia kitu, kwa hiyo nakuandikia yaliyosemwa.

Ulipopandishwa juu ya punda wa Martina, dada yake Gidamis, Martina alisema punda wake hajawahi kubeba mtu aliyekaa wima kama askofu. Kule kwenye weupe, Gidamis alikuwa akigonga fimbo kwenye kila kinyesi na kusema hapa, hapa, hapa, akisahau kwamba husikii. Wewe ulikuwa umeshamtangulia kwa macho. Martina akanigeukia akasema, "Mguu wa mama huyu una akili. Wewe wako ulizaliwa na nani?" Nikamwambia alinilea ila hakunizaa. Akasema inaonekana.

Martina alipojaribu maji kwa kiwiko kule chini alisema bado ni makali, tungoje aongeze mawe upande wa kijito ili maji ya baridi yaingie zaidi. Ndiyo maana ulikaa juani na kanga yako ukinifokea kwamba tunachelewa. Hatukuchelewa. Tulikuwa tunakupoza.

Halafu ukaingia, ukakaa, ukafumba macho, ukaniita niingize na mguu wangu wa bata. Hapo ndipo uliposema, ukitazama maji:

"Nilianguka kibanjani mwezi wa sita. Nililala kwenye migomba tangu asubuhi mpaka Gaudiosa alipomtafuta mbuzi wake. Niliita, sikujua kama sauti inatoka."

Karatasi ilikuwa kwenye mkoba juu ya jiwe, na mkono wangu ulikuwa umelowa. Uliniangalia ukingoja, kisha ukasema basi, tuondoke, tembo watakuja.

Unakumbuka kilichofuata. Hukuweza kusimama. Nikakushika kwapani nikuinue, mgongo wangu ukakataa, mguu ukateleza kwenye tope, tukakaa wote wawili majini. Tukajaribu tena, tukakaa tena. Kicheko chako nilikisikia. Usichokisikia ni Gidamis akimwambia Martina kwamba amewahi kuona ng'ombe wawili wamekwama hivi, na mmoja alibidi auzwe. Martina akamwuliza ni yupi. Ndipo Martina alipovua viatu akaingia, akatutoa mmoja mmoja, wewe kwanza.

Tangu ulipoondoka nimekuwa nalitafuta lile jibu nililoshindwa kulisema. Jana nimezungumza na Hezekia. Nimemwambia jengo likifika kwenye bati naondoka. Aliniuliza nani atambebea zege. Nikamwambia kuna watu wengi wenye mgongo mzuri. Akasema nitakula nini huko. Nikamwambia ndizi, na akacheka, kwa sababu hapa kazini siku hizi nikitaja ndizi kila mtu anacheka.

Sitakudanganya kwamba nitakuwa msaada mkubwa. Kupalilia nimesahau, kuinama siwezi, na mbuzi wa Gaudiosa atanizidi nguvu. Lakini jibu langu ndilo hili, nakuja nyumbani, na kibanjani tutaingia pamoja. Ukianguka nitakuinua. Nikishindwa nitakaa chini hapo hapo kwenye migomba, na nitaita mimi, maana sauti yangu najua inatoka.

Mwanao Eustace